Upanga wa Mfalme na Alama za Enzi katika Nchi Zetu

Walimu wengi wamepata kuwasomea watoto hadithi ya mfalme Arthur wa Uingereza, yule kijana aliyeuchomoa upanga uliokuwa umekwama katika jiwe, hali mashujaa wote wa nchi wameujaribu na kushindwa. Watoto huipenda mno hadithi hii, na ikiisha huuliza swali ambalo si rahisi kulijibu: "Je, mwalimu, wafalme wetu wa zamani nao walikuwa na upanga wa namna hiyo?" Mwalimu asiyejua hujibu ya kuwa kwetu hapakuwa na kitu. Na mwalimu apendaye kulisifu kabila lake huenda akatunga upanga papo hapo, akaupa jina na nguvu za ajabu. Majibu yote mawili huwadhuru watoto. La kwanza huwafundisha kwamba wazee wao walikuwa watu watupu; la pili huwafundisha kwamba uongo ni halali maadamu unatusifu.

Basi yafaa tutafute jibu la tatu, yaani jibu la kweli. Tutaanza na upanga wa Waingereza wenyewe, kisha tutalitazama neno lenyewe katika Kiswahili, kisha tutakwenda Karagwe na Buhaya, na mwisho tutarudi kwetu kusini.

I. Upanga wa Arthur

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba hadithi hiyo haikuzaliwa siku moja. Kasisi mmoja jina lake Geoffrey wa Monmouth aliandika kitabu kwa Kilatini karibu na mwaka 1136, akaeleza habari za wafalme wa Uingereza. Humo upanga wa Arthur huitwa Caliburnus, nao ulifuliwa katika kisiwa cha Avalon. Bali habari za jiwe hazimo hata kidogo. Jiwe lililetwa na Mfaransa Robert de Boron, karibu na mwaka 1200. Naye hakusema kwamba upanga ulichomekwa katika jiwe tu, bali ulichomekwa katika fuawe la mhunzi lililowekwa juu ya jiwe, mbele ya kanisa. Wasomaji na walishike neno hili fuawe, maana tutalihitaji baadaye. Kisha Thomas Malory alizikusanya hadithi hizo zote katika kitabu kikubwa kilichopigwa chapa na William Caxton mwaka 1485, na humo panga ni mbili: ule wa kwanza, uliotoka katika jiwe, ulivunjika vitani; wa pili Arthur alipewa na mwanamke wa ziwani, naye alipokaribia kufa aliamuru urudishwe majini.

Wenye kuchunguza mambo ya kale hawajakubaliana hata kama mfalme huyo aliishi kweli. Lakini maana ya hadithi haifichiki. Upanga wa jiwe wasema kwamba mfalme hajichagui. Upanga wa ziwa wasema kwamba enzi ni amana. Mtu hupewa, huitumia, kisha huirudisha. Maana hizi mbili ndizo tutakazozitafuta katika nchi zetu, hata ikiwa kitu chenyewe si upanga.

II. Neno "upanga" na jamaa zake

Wengine hudhani ya kuwa upanga, kwa kuwa ni silaha ya Waarabu, lazima jina lake liwe la Kiarabu. Sivyo. Neno ni la Kibantu, kama ilivyo lupanga katika Kinyanja, na maana yake ni ile ile. Katika Kiswahili wingi wake ni panga. Nalo neno panga, likiwa umoja na wingi wake mapanga, ni chombo kipana cha kufyekea, kitu cha shamba na si cha enzi. Tofauti hii yafaa ifundishwe, maana watoto wengi wa siku hizi wakisikia upanga huona machoni pao panga la kukatia miwa, nao hawaelewi kwa nini mfalme apewe chombo kama hicho.

Lakini namna za panga zilizoletwa pwani zina majina yao. Wa zamani walitenga upanga wa feleji, mrefu, ulionyoka, wenye makali kuwili, uliochukuliwa na Waarabu, na upanga wa imani, mfupi, ambao mpini wake una umbo la msalaba. Upanga uliopinda huitwa kitara. Tena yako majambia na hanjari, ambazo ni za kuvaliwa mshipini, na sime ya watu wa bara. Sehemu za upanga ni mpini, bapa, makali na ncha, na nyumba yake ni ala.

Hapa nitoe onyo dogo. Mtu akiona kwamba kitara ni upanga, na kwamba nchi ya kale ya wafalme wa Bunyoro iliitwa Kitara, huenda akasema kwa haraka: "Kumbe! Ni Nchi ya Upanga." Kufanana kwa sauti si ushahidi. Maneno mawili yaweza kukutana njiani kama wasafiri wawili waliovaa kanzu za rangi moja, wala hawana undugu.

Basi kwa nini bara upanga haukuwa alama kuu ya enzi? Sababu yaonekana katika kazi za mhunzi. Chuma cha bara kilifuliwa hasa kuwa jembe, shoka, kisu na mkuki. Upanga mrefu wa pua ulitoka ng'ambo, ukafika pwani pamoja na biashara. Na hata pwani kwenyewe haukuwa wa kwanza katika heshima. Kilemba, kiti, ngoma na siwa viliutangulia. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu ni mashahidi, maana zingaliko Kenya mpaka leo. Mji uliokuwa na siwa ulijulikana kuwa ni mji wenye mwenyewe.

III. Ngoma ya Karagwe

Sasa twende Karagwe, maana huko ndiko inakopatikana hadithi iliyo ndugu kabisa wa hadithi ya Arthur. Mwezi wa Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika pamoja na mwenziwe James Grant kwa mfalme Rumanyika, akapokewa kwa ukarimu mwingi. Mfalme mwenyewe alimweleza jinsi alivyopata enzi, na Speke akaiandika habari hiyo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863.

Ndagara, baba yake Rumanyika, alipokufa, wana watatu walisimama kuutaka ufalme. Ndipo wakuu wa nchi walipoweka mbele yao ngoma ndogo. Kwa kweli ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini kwa dawa zilizotiwa ndani yake ilikuwa nzito hata hakuna awezaye kuiinua, isipokuwa yule ambaye mizimu imemkubali. Ndugu wawili walijitahidi kwa nguvu zao zote, isiondoke chini. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo. Tena akasema kwamba liko jaribu jingine: mrithi husimamishwa mahali fulani, na nchi chini ya miguu yake huinuka pamoja naye mpaka juu mawinguni, akikubaliwa hushushwa polepole, asipokubaliwa nchi huanguka ghafula, naye huvunjikavunjika.

Tazameni jinsi zinavyofanana. Huku upanga, huku ngoma. Huku jiwe, huku ardhi yenyewe. Pande zote mbili kitu kidogo kinachowashinda wenye nguvu humtii mmoja. Wala haiwezekani kusema kwamba watu wa Karagwe waliisikia kwa Waingereza, maana Speke na Grant ndio Waingereza wa kwanza kufika huko. Wanadamu wa nchi mbali mbali, wakiwa na shida moja, wamepata dawa moja. Na shida ni hii: mfalme amekufa, wana ni wengi, na kila mmoja ana watu wake.

Lakini habari haiishi hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyo na mafunzo zaidi. Yule ndugu mdogo, ambaye Speke amemwandika kwa jina la Rogero, hakukubali hukumu ya ngoma. Alishika silaha, ikawa vita. Na Rumanyika hakuokolewa na ngoma, bali alisaidiwa na Musa, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekaa Kaze katika Unyamwezi. Kwa hiyo hapana budi tuseme wazi: alama iliwaambia watu nani ana haki, lakini haikuweza kumlazimisha asiyetaka kusikia. Katika kitabu cha Malory ni vivyo hivyo. Arthur aliuchomoa upanga, na bado wafalme wengine walimdharau, akalazimika kupigana nao. Hadithi zenyewe, zikisomwa mpaka mwisho, hazidanganyi. Sisi ndio tunaoziacha katikati, mahali panapopendeza.

IV. Mfalme na fuawe

Nimewaomba wasomaji walishike neno fuawe. Katika nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria, nyundo na fuawe la mhunzi vilihesabiwa katika alama za ufalme. Huko Rwanda kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilichimbuliwa mwaka 1969, na katika vitu alivyozikwa navyo zilionekana nyundo za chuma. Katika Karagwe wafalme waliweka hazina ya vitu vya chuma na shaba, mikuki na sanamu za ng'ombe, ambayo Stanley aliiona alipomtembelea Rumanyika mwaka 1876.

Na katika Buhaya, karibu na Maruku, wazee walisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe. Wasema aliwakusanya wahunzi akawaamuru wajenge mnara wa chuma utakaofika mbinguni. Mnara ukapanda, kisha ukaanguka. Mwalimu akiisikia hadithi hii atakumbuka mara moja mnara wa Babeli, na huenda akadhani kwamba imetoka katika mafundisho ya dini. Lakini mahali penyewe, Katuruka, palikuwa na mti wa heshima ulioitwa Kaiija, na jina hilo ni la mahali pa kufulia chuma. Karibu na mwaka 1970 Mmarekani Peter Schmidt aliwasikiliza wazee hao kwa uvumilivu, akachimba pale walipomwonyesha, akakuta chini ya ardhi mabaki ya kazi ya chuma. Nayo hayakuwa ya siku za Rugomora Mahe, bali ya kale zaidi sana, kiasi cha miaka elfu mbili na kupita. Maana yake ni kwamba mfalme alijenga jumba lake mahali palipokuwa na heshima ya wahunzi tangu zamani, ili heshima ile imfunike na yeye.

Jambo hili ni kubwa. Wazee wasiojua kusoma waliihifadhi kwa midomo habari ya tanuri zilizozimika zamani hizo, nao hawakuihifadhi kwa hesabu ya miaka bali kwa hadithi ya mnara. Aliyeicheka hadithi asingalichimba. Aliyeiamini neno kwa neno angalitafuta mnara, asiupate.

Na kwa nini mhunzi awe karibu na mfalme? Wasomaji wa Kitabu cha Kwanza cha Samweli wanajua sababu. Katika mlango wa 13 yaelezwa kwamba Wafilisti walizuia uhunzi katika nchi ya Israeli, hata Waebrania wakalazimika kuwaendea adui zao ili wanoewe majembe. Na siku ya vita hakuna aliyekuwa na upanga wala mkuki ila Sauli na mwanawe Yonathani. Taifa lisilo na mhunzi halilimi wala halijilindi. Kwetu Wayao pia, Kasisi Yohanna Abdallah wa Unangu, katika kitabu chake cha habari za Wayao kilichotoka mwaka 1919, ameeleza jinsi ukoo wa Wachisi, ambao walikuwa wahunzi, walivyozunguka wakifua na kuuza majembe, na jinsi biashara ya Wayao ilivyoanza kwa safari hizo hata kufika pwani. Sifa ya kwanza ya chuma katika habari zetu, basi, ni jembe kabla ya kuwa upanga. Sioni kwamba hilo ni la kuonea haya.

V. Silaha isiyookoa

Lakini ziko pia hadithi za silaha ambazo mwalimu hana budi kuzisimulia kwa uangalifu. Pwani hujulikana habari za Fumo Liyongo, shujaa wa pande za Ozi, ambaye Askofu Steere aliipiga chapa hadithi yake mwaka 1870. Hakuna chuma kilichoweza kumwua. Alikuwa na siri moja tu, kwamba akichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba atakufa. Siri ile ilijulikana na mwanawe, na mwanawe ndiye aliyemchoma. Hapo silaha ya ajabu ni sindano, wala haimchagui mfalme, bali yamwondoa aliyestahili. Wazee wa pwani walijua ya kuwa upanga wa adui waweza kuukinga kwa ngao, lakini hapana ngao ya kumkinga mtu na wa nyumbani mwake.

Na kwetu kusini tunayo habari ambayo si hadithi. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaambia watu kwamba maji yake yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini neno lake lilikwisha kwenda mbali, likafika mpaka Ungoni. Wangoni walikuwa watu wa mkuki mfupi na ngao ya ngozi ya ng'ombe, silaha ambazo jamaa ya Zwangendaba walitoka nazo kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835. Walizijua silaha zao na kuziamini. Juu yake wakaongeza maji, wakaenda mbele ya bunduki. Mwezi wa Februari 1906 Nkosi Mputa Gama na wakuu wengi wa Wangoni walinyongwa Songea, na mwaka huo huo akanyongwa Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebaki na jina lake. Baada ya vita ilikuja njaa, nayo iliua wengi kuliko risasi.

Sisemi hayo ili kuwadharau waliokufa. Walipigania nchi yao, na mji wa Songea una makumbusho ya kuwaheshimu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba msamaha. Na wazao wa Songea Mbano wangali wanatafuta kichwa cha mzee wao, ambacho husemwa kwamba kilichukuliwa hata Ujerumani. Nasema ili mwalimu atambue kwamba hadithi ya silaha ya ajabu si mchezo wa watoto tu. Ikisimuliwa bila maana yake, yaweza kumfanya mtu aache akili yake mlangoni.

Hata katika Maandiko upanga maarufu haukuleta amani. Upanga wa Goliathi uliwekwa Nobu, umefungwa katika nguo, nyuma ya naivera. Daudi alipokimbia alipewa na kuhani Ahimeleki. Upanga ulikuwa bora, wala hapakuwa na mfano wake. Lakini kwa ajili ya siku ile makuhani 85 waliuawa kwa amri ya Sauli na kwa mkono wa Doegi. Daudi alikwisha kutiwa mafuta kabla ya kuushika upanga ule. Haukumfanya mfalme.

VI. Kazi iliyo mbele yetu

Katika Tanganyika cheo cha machifu kilifutwa kwa sheria mwaka 1963. Tangu hapo ngoma, viti, mikuki na vilemba vya enzi vimebaki mikononi mwa koo, na wenye kujua maana yake wanapungua kila mwaka. Kitu cha enzi kisichokuwa na habari zake ni kipande cha chuma au gogo lenye ngozi. Hula kutu, au huuzwa kwa mpita njia. Tofauti ya kitu chenye habari twaiona katika fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Liliandikwa katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudishwa mwaka 1954, na leo liko Kalenga, kwa sababu Wahehe hawakuacha kusema ni la nani.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu, hasa sisi tulioko pande za Nakapanya na njia ya kwenda Masasi, kila mmoja achague ukoo mmoja wenye kitu cha kale, aende kwa adabu, aulize mambo matano na kuyaandika. La kwanza, jina la kitu katika lugha ya wenyewe, wala si katika Kiswahili tu. La pili, ni nani aliyekitunza, na kwa haki gani. La tatu, kilitolewa nje siku gani: ya kutawazwa, ya msiba, ya vita, au ya ukame. La nne, ni nani aliyekatazwa kukigusa. La tano, hadithi ya mwanzo wake, kama anavyoisimulia msimulizi, bila kuisahihisha. Wazee wawili wakisimulia mbali mbali, ziandikwe hadithi zote mbili. Wala mwalimu asikiombe kitu chenyewe, hata akipewa. Kikae kwa wenyewe.

Na yule mtoto aulizaye kama wafalme wetu walikuwa na upanga wa namna hiyo, sasa tunaweza kumjibu bila kumdanganya: Karagwe palikuwa na ngoma iliyoinuliwa na mmoja, Buhaya na Rwanda mfalme alikaa karibu na mhunzi, pwani mji ulijulikana kwa siwa yake, na kwa Wayao chuma kilifungua njia kwa jembe. Kisha naye aulizwe: katika hizo zote, ni ipi iliyomzuia mfalme mbaya asitawale vibaya? Atafikiri sana. Na akijibu kwamba hakuna, ila watu waliokubali au kukataa kumfuata, atakuwa ameelewa habari za upanga wa Arthur kuliko wengi walioisoma hadithi yake kwa Kiingereza.